Ala Bila Upanga

Ndugu yangu anaoa Disemba na anataka upanga.

Si upanga wowote. Anataka ule wa babu, olalem ya Kimaasai yenye ala nyekundu na mkanda wake, auvae kiunoni juu ya shuka siku ya harusi kama marehemu baba alivyouvaa, na kama babu alivyouvaa kabla ya baba. Shida ni kwamba upanga wenyewe haupo. Kilichopo ni ala. Imening'inia kwenye msumari chumbani kwa mama, hapa Kikopey, tangu Januari 2008, tupu kama soksi. Kwa ndugu yangu hilo si jambo la kukosesha mtu usingizi. "Sista, ni kuenda Narok tu, tunachukua chuma kipya, tunaingiza, imeisha."

Mama amesema chuma hakitaingia kwenye ile ala yeye akiwa hai. Alisema mara moja, bila kupandisha sauti, akaendelea kukata sukuma. Nami nimeachwa katikati kwa sababu ndiye ninayeishi naye na, kulingana na ndugu yangu, ndiye "mwenye anajua kuongea na mathe".

Wacha nieleze ile ala kwanza, maana watu wakisikia neno upanga akili zao zinakimbilia makali.

Ni vibao viwili vyembamba vilivyochongwa kwa ndani vikapata nafasi ya upanga, vikawekwa pamoja, vikavalishwa ngozi ya ng'ombe ikiwa bado mbichi. Ngozi ikikauka inajikaza na kubana vile vibao kuliko gundi yoyote ya duka. Mshono ni mmoja, upande wa nyuma unaolala mwilini, ndio usionekane. Umbo la olalem ni la kumsumbua fundi: upanga ni mwembamba karibu na mkono, halafu unapanuka kuelekea nchani kama jani refu. Kwa hivyo ala lazima ipitishe sehemu ile pana na bado isiache upanga ucheze ndani ukitembea. Mtu ambaye hajawahi kushona kitu anaweza kudhani ni kazi ya jioni moja.

Halafu kuna nyekundu. Zamani nyekundu ya Wamaasai ilitoka ardhini. Olkaria, kule Naivasha ambako KenGen wanatoa stima kwa mvuke, jina lake ni la udongo mwekundu ambao watu walikuwa wakiufuata huko kabla ya mtu yeyote kuwaza taa. Babu alitumia rangi ya duka na hakuona aibu yoyote. Alichojali ni mshono.

Ile ala aliishona mwenyewe. Upanga aliununua, chuma cha springi ya gari kilichofuliwa na fundi fulani, na akiulizwa alisema hivyo hivyo, "nilinunua", kama mtu anayeelezea betri za redio.

Mwaka huo wa 2008 nilikuwa na miaka tisa. Nakuru iliwaka, Naivasha ikafuata, na sisi tuko kwenye barabara inayounganisha miji hiyo miwili. Mama ni Mkikuyu wa Gilgil, baba alikuwa Mmaasai, kwa hivyo nyumba yetu ilikuwa na sababu ya kuogopa gari likisimama kutoka upande wowote. Sitasimulia yote. Mama akikumbuka siku hizo hataji nyuso, anataja panga. Wanaume walizitembeza mikononi barabarani mchana, hazina ala, hazijafungwa hata na gunia. Kiswahili nacho hakisaidii: wingi wa upanga ni panga, na panga ndiyo ile ya kukata nyasi nyuma ya nyumba. Ukisikia neno hilo gizani huwezi kujua ni ipi.

Jioni moja babu alichomoa upanga wake, akaenda nao chooni, akautumbukiza shimoni pamoja na mpini wake. Ala aliirudisha kwenye msumari. Baba alimuuliza mbona hakutupa vyote. Babu alisema chuma alinunua, ile nyingine alishona.

Hiyo ndiyo historia ya kile kitu ambacho ndugu yangu anasema kimepungukiwa na "spea" moja tu.

Mimi ni keshia kwenye mojawapo ya hoteli za choma hapa kando ya barabara. Wikendi hakuna nafasi ya kupumua, wasee wa Nairobi wanashuka na familia nzima, mbuzi anaisha kabla ya saa tisa. Lakini Jumanne usiku ni mimi, moshi na simu. Jumanne moja baada ya yale maneno ya mama nilianza kutafuta ala za panga kwenye simu, nikitarajia za Wamaasai. Nikaangukia Japani, na sijatoka huko mpaka leo.

Wajapani wana neno moja, koshirae, kwa kila kitu kinachouvalisha upanga: ala, mpini, kisahani cha chuma kinachokinga mkono, kamba, vifungo na mapambo madogo madogo. Yaani nguo zote, mwili ukiwa kando. Na jambo lililonifanya niweke simu chini nikaenda nje kupigwa na baridi ni hili: upanga wa maana hauishi ndani ya nguo zake. Ukiwa nyumbani unalala kwenye ala nyingine ya mbao tupu, haina rangi, haina pambo, kwa sababu mbao hiyo inapumua na chuma hakishiki kutu haraka. Zile nguo za fahari zinakaa peke yake. Na ili zisilegee na kupoteza umbo, fundi anachonga upanga wa mbao unaofanana kabisa na ule wa chuma, anauingiza ndani. Unaitwa tsunagi. Maana yake ni kitu cha kuunganisha.

Kwa hivyo ukienda jumba la makumbusho ukaona koshirae imepangwa vizuri nyuma ya kioo, ala na mpini kwenye mstari mmoja, kuna uwezekano mkubwa ndani yake mna kipande cha mti, na hakuna anayeona kwamba kuna upungufu.

Nilisoma usiku kucha. Upanga mmoja ulihitaji mafundi wengi kuuvalisha kuliko bibi harusi. Wa kuchonga ala kwa mbao laini ya aina ya manolia. Wa kupaka rangi. Wa kufunga kamba za mpini. Wa kutengeneza kile kishikizo cha shaba kinachobana upanga mdomoni mwa ala. Wa mapambo ya dhahabu na fedha. Kila mmoja na karakana yake, na mara nyingi hakuna aliyefanya kazi ya mwenzake.

Rangi yenyewe, urushi, ni utomvu wa mti wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Kama umewahi kupasuka midomo kwa kula embe bila kumenya, au kuungua vidole kwa maganda ya korosho mbichi, basi unaijua tabia ya ukoo huo. Mafundi wanaoanza kazi hiyo huvimba ngozi. Na haikauki kwa jua kama rangi zetu. Inataka hewa yenye unyevu, inapakwa kwa tabaka nyembamba, inasuguliwa, inapakwa tena, na kati ya tabaka unaweza kunyunyiza unga wa dhahabu au kupachika vipande vya gamba la chaza linalong'aa.

Mpini unavalishwa ngozi ya taa. Taa samaki, si taa ya kuwasha. Ngozi yake ina vipele vidogo vigumu vyeupe, na juu yake inafungwa kamba ya hariri, pamba au ngozi kwa kupishanisha, mpaka inaacha madirisha madogo yenye umbo la almasi ambamo vile vipele vinachungulia. Ni urembo, lakini pia ndiyo sababu mkono wenye jasho hauteleza. Ngozi hizo zilisafiri kwa meli kutoka bahari za kusini, mbali na Japani. Hapo nilicheka peke yangu: shujaa wa Kijapani ameshika samaki wa nchi nyingine.

Na kulikuwa na ukoo wa Goto. Walianza na Goto Yujo katika karne ya 15, wakawatengenezea watawala wa kijeshi mapambo ya panga kwa takriban miaka 400, baba kwa mwana. Kazi yao moja nilivuta picha yake mpaka simu ikakwama. Ni bamba dogo la shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, ikatiwa dawa ikawa nyeusi yenye kivuli cha buluu, na uso wake wote umejaa vitone vya mviringo kama mayai ya samaki. Kila kitone kimegongwa kwa mkono, kimoja baada ya kingine, kwa mistari iliyonyooka. Kitu chenyewe ni kidogo kuliko kidole changu.

Kuna watakaosema hizo ni anasa za watu wenye njaa ya kuonekana. Sawa. Lakini kilomita chache kutoka kwa kaunta yangu kuna Kariandusi, mahali Louis Leakey alipochimba mashoka ya mawe, mengine ya lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama chupa. Yana umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Mengine yamesawazishwa pande zote mbili kuliko kazi ya kuchuna nyama inavyohitaji. Mtu aliketi hapa, karibu na Ziwa Elementaita, akaendelea kugonga jiwe baada ya jiwe kutosha.

Kilichonigusa zaidi ni swali la nani anapewa heshima. Kule Japani mfua panga aliandika jina lake kwenye shina la chuma, ndani ya mpini, na majina hayo yanajulikana mpaka leo. Kwetu ilikuwa kinyume. Wafua chuma wa Kimaasai, ilkunono, walitengwa. Wengine hawakuoa kwao. A. C. Hollis, afisa wa kikoloni aliyeandika kitabu kuhusu Wamaasai mwaka wa 1905, anaeleza kwamba mtu akipokea silaha iliyoshikwa na mfua chuma alipaka mafuta mkononi kwanza. Walihitaji panga zake na hawakutaka mkono wake. Nikifikiria babu akisema "nilinunua" kwa ile sauti ya betri za redio, nasikia kitu ambacho sikukisikia nikiwa mtoto, na sikipendi sana. Alijivunia ala yake kwa haki. Lakini yule fundi wa springi ya gari alikuwa na jina pia, na kazi yake iko chini ya choo chetu.

Wajapani nao walifika siku ya kutoogopwa tena. Mwaka wa 1876 serikali yao mpya ilitoa amri kwamba hakuna mtu kutembea na upanga, isipokuwa wanajeshi, polisi na wakubwa waliovalia mavazi rasmi. Fikiria ni mafundi wangapi waliamka asubuhi hiyo bila kazi. Waliokuwa wakipamba panga waligeukia vyungu vya maua, visanduku na mapambo ya kuuzwa Ulaya na Marekani, mkono ule ule, vitone vile vile. Halafu mwaka wa 1945, baada ya kushindwa vita, jeshi la Marekani liliagiza panga zote zisalimishwe. Nyingi ziliharibiwa. Watu kama Honma Junji, msomi wa panga, walipambana kuwaeleza Wamarekani kwamba nyingine si silaha bali ni sanaa, na hizo zikaruhusiwa kubaki. Kwa hivyo upanga ulioponea uliponea kwa kuitwa kitu kingine.

Na kabla ya hayo yote, karne nyingi nyuma, mabwana wa ikulu yao walivaa kwenye sherehe panga zilizoitwa kazari-tachi. Moja ya karne ya 12 iko kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo, imejaa dhahabu na gamba la chaza. Panga za aina hiyo mara nyingi ndani yake mlikuwa na chuma kisicho na makali. Hakuna aliyetarajiwa kukichomoa.

Hili tunalijua hata hapa, tukiacha kujifanya. Septemba 13, 2022, Kasarani, Uhuru Kenyatta alimkabidhi William Ruto upanga na nakala ya Katiba. Nchi nzima ilitazama, na hakuna aliyejiuliza kama upanga ule unakata. Kule Lanet, mwendo mfupi kutoka hapa, maofisa wapya wa jeshi wanapoapishwa gwaride huwa na panga zinazong'aa, na wanajeshi hao hao wakienda kazini wanabeba bunduki. Hata kwenye vibanda vya kando ya barabara, pale watu wanaposimama kupiga picha za bonde, utapata visu vya Kimaasai vyenye ala za shanga za rangi sita. Ukivichomoa, chuma chake hakiwezi kukata nyanya. Watu huita feki. Mimi nadhani muuzaji anajua vizuri sana anachouza, na mama aliyetunga zile shanga amefanya kazi ya kweli.

Jumapili nilimwonyesha mama video. Mzee wa Kijapani amepiga magoti kwenye mkeka, anatoa kijiti cha mwanzi kwenye mpini, anauvuta upanga wa chuma pole pole, anaulaza kwenye mbao yake nyeupe. Kisha anachukua ule wa mti, anauingiza kwenye zile nguo, anarudisha kijiti. Dakika nne, hakuna muziki. Mama alitazama mpaka mwisho bila kusema kitu, akaniambia nirudishe nyuma pale pa mti.

"Wanafanya hivyo kwa nini? Wanaogopa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba ni kwa sababu ya kutu.

"Kutu," akasema. Baada ya muda: "Na hiyo ya mti, nayo ina mpini?"

Hapo ndipo nilipoona amekubali, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuhesabu kazi. Ala peke yake haivaliki. Lazima kitu kichomoze juu, watu waone mpini, na mpini wa babu ulienda na chuma chake. Mama akasema mti uchongwe mmoja, upanga na mpini pamoja, na mpini ufungwe ngozi. Ngozi atafunga yeye. Sikujua anajua. Kumbe guka, baba yake, alikuwa na rũhiũ lake, na njora yake mama ndiye alikuwa akiipaka mafuta akiwa msichana. Miaka yote hii ala ya Kimaasai imekaa chumbani mwake na hakuwahi kuniambia kwamba kwao pia kulikuwa na nyingine.

Ndugu yangu nilimpigia usiku. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Nivae mbao siku ya harusi yangu?"

"Unataka kumkata nani siku hiyo?"

"Wazee watajua, sista."

"Watajua aje? Utauchomoa?"

Akasema atafikiria. Nikamkumbusha kwamba mama hajawahi kubadilisha mawazo kuhusu jambo lolote tangu tuzaliwe, na kwamba hii ndiyo mara ya kwanza amekuja hata nusu ya njia. Akasema tena atafikiria, lakini kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kuegemea.

Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, nilipanda matatu mpaka Gilgil na ala imefungwa kwenye leso ya mama. Fundi niliyempata hutengeneza viti na vitanda. Aliitoa, akaigeuza, akaangalia mshono wa nyuma kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akauliza nani alishona. Nikasema babu. Akauliza kama bado yuko. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akaingiza kipande cha waya ndani kupima urefu, kisha kipande cha kadibodi kupima upana.

Nilitaka mutamaiyo. Mama anauita hivyo, baba angesema oloirien, na ni mti mgumu usioliwa na wadudu. Fundi alinicheka. "Madam, mutamaiyo utapasua hiyo ala. Hii ngozi imekaa tupu miaka mingapi? Imejikunja. Unataka mti laini wenye unakubali kupunguzwa." Akachukua kipande cha saiprasi kutoka kwa rundo la mabaki. Mia tano, na nirudi Jumamosi.

Nilirudi. Ulikuwa umechongwa vizuri, mwembamba karibu na mkono, mpana kuelekea nchani, ukingo wake umesuguliwa mpaka ukipitisha kidole huhisi kitu. Nilipofika nyumbani mama aliuingiza na ukakwama katikati. Hakulazimisha. Alienda jikoni akaja na mafuta ya ng'ombe kwenye kikombe cha chai, akaanza kupaka mdomo wa ala kwa ndani kwa kidole, kisha mshono, kisha mikono yake mwenyewe, kwa sababu ilikuwa imeshajaa mafuta na hakuona kitambaa karibu. Kwenye beseni la nguo kulikuwa na vipande vya ngozi vimelowekwa tangu asubuhi.

Ndugu yangu alituma sauti kwenye WhatsApp saa nne usiku. Anataka ngozi ya mpini iwe nyeusi, kama ya baba kwenye ile picha.

Upanga bado unakwama kama inchi tatu kabla ya kufika mwisho. Jumatatu ninaurudisha Gilgil upunguzwe ubavuni.